Kumtunza anayeitumikia dini: mwongozo kamili kwa kamati za waumini

Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta nyumba ya Mungu haina Walawi, yaani watumishi wa hekalu, wala waimbaji. Sehemu zao hazikuwa zikitolewa, basi kila mmoja alikuwa amekimbilia shambani kwake. Nehemia hakuwalaumu waliokimbia. Aliwagombeza wakuu, akawarudisha Walawi kazini, watu wakaleta tena fungu la kumi ghalani, kisha akateua watu wanne wa kusimamia hazina na kuwagawia ndugu zao (Nehemia 13:10-13). Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Waumini wengi ni wakarimu, lakini ukarimu usio na daftari, tarehe na mtu wa kuulizwa humwacha mtumishi na meza iliyojaa siku ya sikukuu na deni la kodi ya nyumba mwezi unaofuata.

Mwongozo huu ni kwa wanaobeba jukumu hilo: kamati za misikiti na madrasa, mabaraza ya wazee, halmashauri za parokia, wafadhili wa nyumba za watawa. Mifano ya fedha humu haina sarafu. Chukua namba kama vipimo, uzibadilishe kwa fedha yako.

1. Jua unayemtunza yuko chini ya kanuni gani

Kabla ya kutaja kiasi, uliza mambo matatu: Je, anaruhusiwa kumiliki mali? Je, ana watu wanaomtegemea? Je, ana mkuu au shirika ambalo tayari linamgharamia sehemu fulani?

Mchungaji au imamu mwenye familia anahitaji kipato cha nyumba nzima. Padre wa jimbo hana nadhiri ya umaskini kama mtawa. Anaweza kumiliki mali, na kanuni ya 281 katika sheria za Kanisa Katoliki za 1983 inasema astahili ujira unaolingana na hali yake, pamoja na kinga wakati wa ugonjwa, ulemavu au uzee. Sista au bruda mwenye nadhiri yuko tofauti kabisa: kwa kanuni ya 668, anachokipata kwa kazi yake ni cha shirika. Ukimpa bahasha kwa jina lake ukidhani umemsaidia yeye binafsi, umelipa shirika, na akiificha umemtia majaribuni. Kwa hiyo malipo ya masista wanaofundisha au kuuguza yapelekwe kwa shirika, chini ya mkataba wa maandishi. Kanuni ya 681 inautaka mkataba huo kati ya askofu na shirika, ukitaja kazi, watu watakaoifanya na mambo ya fedha.

Bhikkhu wa Theravada, yaani mtawa wa Kibuddha, hapokei fedha hata kidogo. Utaratibu wake una sehemu yake hapa chini.

Kisha yuko anayefanya kazi nyingine kwa riziki. Paulo alishona mahema Korintho (Matendo 18:3), ingawa yeye huyohuyo aliandika kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili (1 Wakorintho 9:14). Kwa upande mwingine, Abu Bakar alikuwa mfanyabiashara. Aliposhika ukhalifa aliacha biashara na familia yake ikala kutoka Baitulmali, hazina ya umma ya Waislamu, kwa kuwa sasa muda wake ulikuwa wa Waislamu. Kipimo ni muda. Ukiuchukua muda wake wote, riziki yake yote ni juu yako. Ukichukua siku tatu kwa wiki, andika siku tatu, na usimpigie simu siku ya nne ukishangaa yuko wapi.

2. Kamati: watu wanne au watano, na yeye asiwemo

Mtumishi asikae kwenye kikao kinachopanga matunzo yake. Atajipunguzia kwa aibu, au atajiongezea na watu wanong'one. Badala yake ahojiwe kabla ya kikao, na kama ana mke au mume, mwenza ahojiwe pia, peke yake. Bei ya sare za shule na dawa ya kikohozi kwa kawaida anaijua mwenza, na maswali ambayo mtumishi angeyajibu kwa "tunashukuru" yeye huyajibu kwa namba.

Wanaohitajika ni mwenyekiti, katibu, mhazini, na mmoja au wawili ambao hawana undugu na mtumishi wala hawamdai. Fedha ikae kwenye akaunti yake yenyewe, itoke kwa saini mbili. Mhazini asiwe ndiye mkaguzi.

3. Hesabu ya mahitaji

Hapa ndipo penye kazi. Kosa la kawaida ni kuanza na kilichopo kapuni, kukigawa, na kuliita fungu lililobaki "posho". Anza na nyumba yenyewe. Mwombe mtumishi aandike matumizi kwa miezi mitatu, ukihakikisha mmoja wa hiyo mitatu una ada ya shule au sikukuu. Usidai risiti za nyanya. Daftari la kawaida linatosha. Kisha tenga matumizi ya kila mwezi na yale ya mara moja kwa mwaka. Kundi la pili ndilo linalosahaulika na ndilo linalozaa madeni.

Chukua familia ya watu watano. Kila mwezi: chakula 300, maji na nishati 70, usafiri wa nyumbani 40, mavazi 40, simu na intaneti 30, mengineyo 60. Jumla 540. Wengi huishia hapo.

Sasa ya mwaka: ada 1,440, bima ya afya 600, safari ya likizo 240, kubadilisha vyombo na samani zilizochakaa 120. Jumla 2,400, ukigawa kwa 12 ni 200 kwa mwezi. Mahitaji halisi ya nyumba, kabla ya kodi ya pango, ni 740.

Ongeza nyumba. Hata kama ni ya jumuiya na hakuna anayelipa kodi, iandike thamani yake, tuseme 260. Hapo umefika 1,000. Mchango wa uzeeni, asilimia 15 ya hiyo 1,000, ni 150. Gharama za kazi (tutazifafanua) ni 150. Kwa hiyo mtumishi anayesemekana "tunampa 740" anaigharimu jumuiya 1,300. Namba zote mbili ziandikwe. Kamati inayoijua 740 peke yake itaahidi kumwajiri msaidizi bila kujua kwamba haina uwezo wa mmoja.

Kwa wanaoishi pamoja, kama watawa, hesabu hufanywa kwa nyumba yote, kisha kila mmoja hutengewa kiasi kidogo cha matumizi binafsi. Benedikto, katika sura ya 55 ya taratibu yake kwa wamonaki, aliorodhesha hadi kisu, kalamu, sindano na leso, ili mtu asipate kisingizio cha kusema amepungukiwa. Ni mfano mzuri wa kuiga: orodha ndefu ya vitu vidogo hupunguza maombi ya aibu mlangoni kwa mkuu wa nyumba. Sabuni, taulo za kike, miwani, kutengeneza viatu, nauli ya kumzika mzazi: viandikwe.

Watumishi wawili wakipata kiasi tofauti kwa sababu mmoja ana watoto wanne, sema hivyo waziwazi kwenye hati: kiwango cha msingi ni kimoja, na nyongeza ni ya kila mtoto hadi umri fulani. Sababu ikikosekana kwenye maandishi, watu watabuni ya kwao.

4. Gharama za kazi si matunzo

Mafuta ya gari la kwenda kuwazuru wagonjwa si mapato ya mtumishi. Vivyo hivyo vitabu, mavazi ya ibada, vifurushi vya simu za kazi, ada ya semina. Zikichanganywa na posho, anayefanya kazi zaidi ndiye anayekula kidogo zaidi: kila msiba wa mbali unatoka kwenye unga wa watoto.

Tumia masurufu. Mwanzoni mwa mwezi mpe 150. Mwishoni arejeshe risiti na kilichobaki, mhazini ajaze hadi ifike 150 tena. Kwa mfano wetu: usafiri wa kazi 70, wageni 40, vitabu, mavazi ya ibada na simu 25, semina na mafungo 15. Safari isiyo na risiti iandikwe tarehe, alikokwenda, sababu na nauli, basi. Masurufu yasiporejeshwa kwa miezi miwili mfululizo, simamisha ujazo, usisimamishe posho.

Fungu la wageni linastahili maelezo. Mlango wa mtumishi haufungwi: mwenye shida, mjumbe, mwanafunzi, msafiri, wote hufika saa ya chakula. Chakula cha 300 kwa watu watano wanaokula mara tatu kwa siku ni sahani 450 kwa mwezi, yaani theluthi mbili ya kipimo kimoja kwa sahani. Wageni wawili kwa siku, sahani moja kila mmoja, ni sahani 60, sawa na 40. Hiyo ni zaidi ya moja ya nane ya chakula cha familia, na ilikuwa ikitoka kimya kimya. Mwambie mwenza aweke alama ukutani kwa mwezi mmoja tu, kila mgeni mstari mmoja. Utaipata namba yako.

Mhubiri mgeni awe na kanuni yake. Didakhe, maandishi ya Wakristo wa mwanzo, yaliagiza mtume msafiri akae siku moja, na ya pili ikilazimu. Akikaa ya tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, naye ni wa uongo. Si lazima uwe mkali hivyo. Lakini nauli, malazi na shukrani za mgeni zikubaliwe kabla hajafika, vinginevyo kiasi kitapangwa na msisimko wa siku ile.

5. Fedha itoke wapi

Chukua makusanyo ya miezi 12 iliyopita. Ondoa ya sikukuu na ya harambee. Katika iliyobaki, chagua miezi minne ya chini kabisa, tafuta wastani wake, na utoe gharama za jengo ambazo haziepukiki. Hicho ndicho kiwango chako cha kuahidi, na usiahidi zaidi ya asilimia 90 yake. Kwa gharama ya 1,300 unahitaji kiwango cha chini cha karibu 1,450. Kama wastani wa mwaka mzima ni 1,900, usidanganyike. Posho hailipwi kwa wastani, inalipwa mwezi kwa mwezi.

Ahadi za waumini zihesabiwe kwa robo tatu ya kilichoandikwa. Watu huhama, huugua, hupoteza kazi. Na asiwepo mfadhili mmoja anayebeba zaidi ya moja ya tano. Anayelipa nusu ya riziki ya mtumishi hatahitaji kusema lolote. Mtumishi mwenyewe ataanza kuchagua maneno akimwona ameketi mstari wa mbele. Mfadhili mkubwa akijitokeza, mwelekeze kwenye akiba au mfuko wa uzeeni, ambako fedha yake haigusi mkate wa leo.

Akiba iwe ya miezi mitatu: 3,900 kwa mfano wetu. Ukitenga 130 kila mwezi utaifikia kwa miezi 30. Isitumike kupaka rangi jengo.

Vyanzo vyenyewe hutofautiana kwa dini, na kila kimoja kina masharti.

*Fungu la kumi.* Katika Torati Walawi walipewa fungu la kumi kwa sababu hawakuwa na urithi wa ardhi, nao walitoa sehemu ya kumi ya walichopokea (Hesabu 18:21-26). Jumuiya inayolitumia ieleze mapema ni asilimia ngapi ya makusanyo inakwenda kwa watumishi.

*Zaka.* Walengwa wake ni makundi manane yaliyotajwa katika Suratu Tawba aya ya 60. Uimamu peke yake haumo. Njia salama: imamu au mwalimu aliye maskini apewe kwa umaskini wake, kama maskini mwingine yeyote, na malipo ya kazi yatoke kwenye sadaka, michango na wakfu. Daftari la zaka liwe mbali. Sura ya Baqara aya ya 273 inawataja mafakiri waliozuiliwa katika njia ya Mwenyezi Mungu wasioweza kuzunguka ardhini kutafuta, ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa kujizuia kwao kuomba. Hao hawatakuja ofisini. Anayegawa ndiye awafuate.

*Wakfu.* Nyumba ya kupangisha au shamba lililowekwa wakfu ni chanzo bora kwa posho za kudumu, kwa kuwa asili hubaki na mazao ndiyo yanayotumika. Wakfu nyingi hufa kwa jambo moja: msimamizi hugawa kodi yote, paa linaoza, wapangaji wanahama. Wanazuoni wa fiqhi (sheria za Kiislamu) huutanguliza ukarabati kabla ya walengwa, na ndiyo busara hata kwa wasio Waislamu. Tenga asilimia 15 ya kodi kwa matengenezo kabla ya kugawa, na mwezi mmoja kwa mwaka uhesabu nyumba haina mpangaji. Sharti la mwenye kuweka wakfu liandikwe kama lilivyotamkwa.

*Mfuko wa pamoja.* Bila huo, mahali pa matajiri pana mtumishi aliyeshiba na pa maskini hakuna mtumishi kabisa. Kanuni ya 1274 inataka kila jimbo Katoliki liwe na chombo cha kukusanya mali kwa ajili ya kuwatunza makleri, yaani mapadre na wengine wenye daraja. Uingereza, mwaka 1704, mfuko uitwao Queen Anne's Bounty ulianzishwa kuongezea mapato ya mapadre maskini wa Kanisa la Anglikana. Mfuko wa namna hii huvunjika pale matawi makubwa yanapochelewesha michango yao yakiwa na sababu nzuri. Dawa ni mchango kukatwa kwanza, siku ya makusanyo, kabla ya tawi kuanza matumizi yake.

*Malipo ya huduma.* Ndoa, mazishi, dua, visomo, nia za Misa (Misa inayoombwa kwa ajili ya mtu au jambo fulani). Hapa pana hatari kubwa kuliko penginepo. Riziki ikitegemea huduma moja moja, maskini atazikwa baadaye. Wakatoliki wameweka mipaka: mtumishi asidai zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka, na mhitaji asinyimwe sakramenti kwa umaskini (kanuni ya 848), kila sadaka ya Misa iadhimishiwe Misa yake (948), na padre akiadhimisha Misa kadhaa kwa siku moja ajibakizie sadaka moja tu, isipokuwa Krismasi (951). Jumuiya nyingine ziamue: malipo ya huduma yaingie mfuko wa jumla, na posho iwe ileile, awe amezika kumi au hakuzika hata mmoja.

6. Kulipa

Tarehe moja, kila mwezi, kwa benki au simu, na hati ya malipo yenye mchanganuo. Malipo ya mkononi baada ya ibada hayafai. Mtumishi asisimame kwenye foleni ya mhazini mbele ya watu aliotoka kuwahubiria.

Fedha isipotosha, mwenyekiti amjulishe siku tano kabla ya tarehe, kwa kiasi na siku ya kumalizia. Kisha lipa kwa mpangilio huu: bima na mchango wa uzeeni, chakula, ada, halafu mengine. Wengi hufanya kinyume, wakikata bima kwanza kwa kuwa haionekani. Mwezi huohuo ndio mtoto hulazwa. Upungufu uandikwe kama deni la jumuiya, usisamehewe kwa ukimya. Na atangaze mtu wa kamati. Mtumishi anayejitangazia njaa mimbarini hubaki na aibu hata akishalipwa.

Dalili kwamba utaratibu umeshindwa huonekana mapema: anakopa kwa waumini, sadaka maalumu zinaongezeka, mwenza haonekani tena, anaahirisha hospitali, mahubiri kuhusu utoaji yanakuja kila wiki ya pili. Ukiona mawili kati ya hayo, rudi hatua ya tatu.

7. Nyumba

Walawi walipewa miji 48 pamoja na malisho yake (Hesabu 35:7). Makazi hayakuachwa kwa bahati. Nyumba ya huduma inahitaji hati ya ukurasa mmoja: nani anatengeneza bomba, nani analipa umeme, samani zipi ni za jumuiya. Orodha ya vitu isainiwe siku ya kuingia, na ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka kwa taarifa ya wiki moja. Hakuna mjumbe anayeingia kwa sababu "nyumba ni yetu". Ofisi ya kupokea watu iwe na mlango wa nje, au basi saa maalumu.

Ubaya wa nyumba ya bure huonekana siku ya mwisho: mtu amehudumu miaka 30 na hana pa kuweka kitanda. Chagua mojawapo. Ama umpe posho ya makazi ajenge chake, ama sehemu ya thamani ya nyumba (katika mfano wetu, 50 kati ya 260) iwekwe kila mwezi kwenye akiba ya makazi kwa jina lake. Akifariki kazini, familia ipewe muda ulioandikwa, na usipungue miezi sita, pamoja na posho kamili ya miezi mitatu.

8. Zawadi, na wasiogusa fedha

Zawadi ya vitu isipunguze posho, isipokuwa mmekubaliana kabla. Gunia la nafaka halilipi ada. Panga zamu ya vitu: familia moja wiki hii mafuta, nyingine sabuni, ili siku ya sikukuu pasirundikwe chakula cha aina moja na kuoza. Zawadi ya mtu kwa mtu ni yake. Zawadi aliyopokea kwa niaba ya jumuiya iingie daftarini siku hiyohiyo. Wekeni kiwango ambacho kikizidi, kamati ijulishwe. Gari ni mfano mzuri wa zawadi ghali kwa anayepokea: kabla ya kulikubali, ulizeni nani atalipa bima, matairi na mafuta.

Kwa bhikkhu, mahitaji ni manne: vazi, chakula cha sadaka, makazi na dawa. Kanuni zake zinamkataza kupokea fedha, kwa hiyo mfadhili huiacha kwa msimamizi mlei, kisha humwambia bhikkhu kwamba akihitaji kitu kinachofaa amwombe msimamizi huyo. Asipoalikwa hivyo haombi, usingoje akuambie. Chakula hutolewa mkononi au katika bakuli, kati ya alfajiri na adhuhuri, na hakiwekwi hadi kesho. Samli, siagi, mafuta, asali na sukari vinaruhusiwa kama dawa na vinaweza kukaa hadi siku saba. Kitambaa cha kathina, cha kushonea vazi, hutolewa ndani ya mwezi mmoja baada ya kuisha mafungo ya msimu wa mvua. Makosa ya wafadhili wapya ni mawili: kuleta chakula saa saba mchana, na kumtia bahasha mkononi mbele ya watu, wakimlazimisha kukataa.

9. Afya na mapumziko

Bima ijumuishe mwenza na watoto, ilipwe na jumuiya moja kwa moja. Siku moja kamili kwa wiki na mwezi mmoja kwa mwaka, pamoja na fungu la kumlipa atakayeshika nafasi. Likizo isiyo na wa kushika nafasi huwa likizo ya kwenye karatasi.

10. Uzee, ulemavu, kifo

Fanya hesabu bila huruma. Mchango wa 150 kwa mwezi, kwa miaka 30, ni 54,000 bila faida yoyote. Mstaafu anayehitaji 600 kwa mwezi (watoto wamekua, lakini sasa kuna pango) ataimaliza kwa miezi 90, yaani miaka saba na nusu. Na hapo bei hazijapanda. Mtungi wa fedha uliokaa tu hautoshi; unahitaji mfuko unaowekeza, wenye watu wengi wanaogawana hatari, na hifadhi ya jamii ya serikali pale inapowezekana. Anza mwezi wa kwanza wa huduma. Aliyeanza akiwa na miaka 45 ana nusu ya muda, basi anahitaji takriban mara mbili ya mchango.

Waliokamatwa vibaya zaidi na jambo hili ni watawa. Walifundisha na kuuguza kwa miongo bila mshahara wa kuonekana, kwa hiyo hakukuwa na michango ya pensheni, na vijana walipopungua hakukuwa na wa kuwalisha wazee. Marekani, sheria ya 1972 iliruhusu mashirika yenye nadhiri ya umaskini kujiunga na hifadhi ya jamii. Hata hivyo mwaka 1988 ilibidi maaskofu Wakatoliki waanzishe makusanyo ya kila mwaka kwa ajili ya watawa wazee. Kanisa la Anglikana la Uingereza liliunda bodi ya pensheni mwaka 1926. Hakuna hata moja kati ya vyombo hivyo lililotegemea maneno "tutakutunza".

Kwa vitendo: mchango utoke siku ileile ya posho, mfuko uwe na wadhamini tofauti na kamati ya ujenzi, kila mtumishi apate taarifa ya akaunti yake mara moja kwa mwaka na kuihakiki, warithi waandikwe na wapitiwe upya akioa au kupata mtoto. Kinga ya ulemavu iwe ndani ya mfuko, au inunuliwe. Shirika linalotoa sista kwa kazi ya jimbo lidai mchango wa uzeeni kama sehemu ya mkataba, juu ya posho. Na kwa anayeacha utawa: kanuni ya 702 ya Kanisa Katoliki inasema hawezi kudai malipo kwa kazi aliyofanya, lakini inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Wekeni kiasi kwenye maandishi mapema: nauli, mavazi, pango na chakula cha miezi sita, na mafunzo ya kazi kama yanahitajika. Kikipangwa siku anapoondoka, hasira ndizo zitakazopanga.

11. Hati, mapitio, makabidhiano

Hati ya matunzo haihitaji kurasa nyingi. Iwe na kiwango cha msingi na nyongeza, tarehe ya malipo, orodha ya gharama za kazi, nyumba, bima, likizo, mchango wa uzeeni, taratibu za upungufu, muda wa notisi, na haki za familia. Muulizeni mhasibu anayeijua sheria ya nchi yenu kuhusu kodi: posho ya makazi na nyumba ya bure hutozwa tofauti tofauti, na mamlaka ikidai miaka ya nyuma hulidai kanisa au msikiti, si nia njema.

Kila mwaka nunueni upya kwa karatasi kapu lilelile la hatua ya tatu. Kama chakula cha 300 sasa ni 345, nyongeza si zawadi. Ni kumrudisha alipokuwa. Mtumishi atoke nje wakati wa kupiga kura, kisha apewe matokeo kwa maandishi siku hiyo. Waumini waoneshwe jumla ya 1,300 na mafungu yake makuu. Kiasi cha dawa za mke wake si habari ya ubao wa matangazo.

Anapohamishwa, fungeni hesabu ndani ya siku 14: masurufu yarejeshwe, deni la posho lilipwe lote, michango ya uzeeni ihakikiwe hadi mwezi wa mwisho, mita za maji na umeme zisomwe na pande zote mbili, orodha ya samani isainiwe tena. Gharama ya kuhama ibebwe na anayempokea, na posho ya mwezi wa kwanza ilipwe kabla hajafika, maana mwezi huo atanunua kila kitu kuanzia chumvi.